Si Ukuta wa Moto, Ni Bawabu

Malenga wenzangu na wapenzi wa Kiswahili, mada ninayoileta leo yaweza kuonekana ngeni katika ukumbi huu uliozoea vina na mizani. Nataka tukitazame kile chombo kinacholinda seva ya barua pepe, ambacho tafsiri nyingi hukiita “ukuta wa moto”. Dai langu ni moja. Jina hilo ni baya, na ubaya wake hauwaudhi wanalugha peke yao: unafika hadi katika chumba cha seva, mikononi mwa kijana anayeandika kanuni za kulinda barua za ofisi nzima.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiingereza kiliazima neno hilo kwa wajenzi. Kwao lilimaanisha ukuta mnene uliosimamishwa baina ya jengo na jengo, ili moto ukizuka upande mmoja usivukie upande wa pili. Ni ukuta wa kuuzuia moto. Mfasiri wetu akalichukua neno kwa neno, ukuta na moto, akaviunganisha kwa “wa”, akaona kazi imekwisha. Lakini Kiswahili kina mazoea yake. Tunasema maji ya moto, chai ya moto, uji wa moto, na kila mara tunakusudia kitu chenye joto kali. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Bariadi kwamba ofisi ya mkoa inalindwa na ukuta wa moto, naye atadhani ukuta unawaka. Maana imegeuka kinyume: kilichokuwa kinga ya moto kimekuwa moto wenyewe.

Yupo atakayenijibu kwamba kihusishi “-a” hakina maana moja. Mbona twasema chandarua cha mbu, na hakuna anayedhani kimefumwa kwa mbu? Mbona dawa ya homa haileti homa? Hoja hiyo ni nzuri, na naikubali nusu. Ni kweli kwamba “-a” huweza kubeba maana ya “dhidi ya”. Lakini hubeba maana hiyo pale ambapo nafasi iko wazi. Maneno “-a moto” nafasi yake imeshajaa. Yamekaa katika jikoni zetu kwa vizazi, na hayaondoki kwa sababu mfasiri mmoja ameamua yamaanishe jambo jingine. Istilahi inayoshindana na kikombe cha chai itashindwa.

Sasa tukitazame chombo chenyewe kinavyofanya kazi, ndipo tutajua kinastahili jina gani.

Barua pepe haisafiri ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huenda chenyewe. Katika mitandao ya kawaida ya ofisi kipande kimoja hakizidi baiti 1,500, hivyo barua yenye picha ya megabaiti 3 huwa vipande zaidi ya 2,000. Hapa pia tafsiri imetutega. Wapo wanaokiita kipande hicho “kifurushi”. Neno ni la Kiswahili safi, lakini kampuni za simu zimekwisha kulitwaa: leo kifurushi ni dakika na megabaiti tunazonunua kwa siku, wiki au mwezi. Ukimwambia kijana “chuja vifurushi”, atadhani unamfundisha kubana matumizi ya bando. Kwa hiyo mimi nakubali “pakiti”. Limekopwa, lakini limekwisha kuota mizizi, na halimdanganyi mtu.

Kila pakiti ina bahasha yake. Juu ya bahasha imeandikwa anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, na namba ya mlango unaobishwa. Naam, mlango. Baadhi ya tafsiri huandika “bandari”, kana kwamba majahazi yanatia nanga ndani ya kompyuta. Kompyuta moja ina namba za milango zinazofika hadi 65,535, na kila huduma hukaa nyuma ya mlango wake. Mlango 25 ndio ambao seva za barua hupelekeana barua, tangu utaratibu wa mwaka 1982 ulioandikwa na Jon Postel. Mlango 587 ulitengwa mwaka 1998 kwa ajili ya mtumiaji anayeipa seva yake barua ya kutuma, na tangu mwaka 2018 wataalamu wanahimiza mlango 465 kwa kazi hiyohiyo, kwa kuwa hapo mazungumzo hufichwa kwa msimbo tangu neno la kwanza. Mlango 993 ni wa kusomea barua kwa njia iliyofichwa vivyo hivyo.

Jambo litakalowafurahisha washairi ni namna mazungumzo hayo yanavyoanza. Kompyuta ya mbali haiingii tu. Hutuma pakiti ya kwanza, ambayo kazi yake ni kubisha. Ikipokewa, hujibiwa kwa pakiti ya pili. Kisha mgeni hutuma ya tatu ya kukiri kwamba amesikia, ndipo maneno yaanze. Hiyo ni nini kama si hodi, karibu, na asante? Vitabu vya Kiingereza huita utaratibu huo kupeana mikono mara tatu. Sisi hatuna haja ya kuazima mikono ya watu. Tuna “hodi”, neno ambalo kila mtoto wa Kitanzania hulijua kabla ya kujua kusoma. Tena mila yetu imekwisha kutufundisha kwamba mtu hubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka zake. Kompyuta nazo hufanya hivyo: zikikutana na kimya, hurudia hodi mara chache kisha hukata tamaa.

Basi chombo tunachokizungumzia hukaa mlangoni, kikasoma bahasha ya kila pakiti, kikailinganisha na kanuni kilizopewa, kikaamua: apite au asipite. Hicho si ukuta. Ukuta hausomi wala hauamui. Anayesoma bahasha na kuamua ni bawabu. Neno hili limekuwamo katika Kiswahili muda mrefu, kutoka Kiarabu, na ndani yake umo mlango wenyewe, “bab”. Lina faida nyingine ya kisarufi. Bawabu yumo katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo huchukua vitenzi vya mtu: anauliza, anakataa, anakumbuka, anaandika. Kanuni zake zaweza kusemwa kwa sentensi za Kiswahili zilizo hai, ilhali ukuta una kitenzi kimoja tu, kusimama.

Nalisema hili kwa sababu lina matokeo. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa mitandao katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, alinijia akitaka msaada wa maneno kwa mwongozo anaowaandikia vijana watakaokuja baada yake. Alinisimulia habari za ofisi moja, ambayo hakuitaja nami sitaitafuta, ambako barua ziliacha kuingia siku mbili nzima. Kijana wa zamu alikuwa amenakili kanuni za Kiingereza kutoka katika mwongozo, akaiweka ile ya kukataa wote juu ya nyingine zote. Alijua maneno yote. Alichokosa ni maana ya mpangilio wake. Alidhani ameimarisha ukuta, na ukuta mzuri ni ule usiopitisha kitu.

Tulikaa tukaziandika kanuni zile kwa Kiswahili, kama mtu anavyomwagiza bawabu wake. Nazinukuu hapa, maana naamini msomaji asiyewahi kuigusa seva atazielewa:

1. Anayerudi na jibu la mazungumzo tuliyoyaanzisha sisi, apite.
2. Seva yoyote inayobisha mlango 25 kuleta barua, ipite.
3. Mtumishi anayetaka kutuma barua, apite mlango 465 au 587, na huko ndani atadaiwa nywila.
4. Mtumishi anayetaka kusoma barua zake, apite mlango 993.
5. Fundi, tena akitokea katika anwani tunayoijua, apite mlango 22 kuitengeneza seva.
6. Asiyetajwa hapo juu, asipite, na kubisha kwake kuandikwe katika daftari.

Kanuni ya kwanza ndiyo iliyowasumbua zaidi vijana, na hapa Simiyu ilieleweka kwa mfano wa zizi. Mchungaji akiwatoa ng'ombe asubuhi, jioni wakirudi hawaulizwi ni wa nani. Anayeulizwa ni ng'ombe mgeni aliyejichanganya na kundi. Bawabu mwenye kumbukumbu hufanya hivyo hivyo: huandika kila mazungumzo yaliyotoka ndani, na jibu likija hulitambua. Mabawabu wa zamani hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Waliisoma kila pakiti peke yake, kana kwamba hawajapata kuona nyingine. Katika mfumo wa Linux, kumbukumbu ilikuja na iptables mwaka 2001, na tangu mwaka 2014 ipo nftables inayochukua nafasi yake.

Ama kuhusu mpangilio, washairi hatuhitaji kufundishwa. Twajua kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti una kazi yake, nao haupandishwi juu kwa kuwa ni mzuri. Kanuni ya sita ni kituo cha ubeti. Bawabu huyu husoma kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo inayomhukumu. Ukiweka “asipite” juu, hakuna anayezifikia zile za chini, hata fundi mwenyewe. Akiwa Mwanza anaitengeneza seva ya Bariadi kwa mbali, atajifungia nje, na kesho yake atapanda basi.

Kanuni hizi ni za wanaoingia. Wanaotoka nao wana bawabu wao. Seva ya barua huruhusiwa kubisha mlango 25 wa seva nyingine, na mlango 53 ambako huulizwa majina na anwani. Lakini kompyuta ya kawaida ya ofisi haina sababu ya kubisha mlango 25 wa watu wa nje. Ikifanya hivyo, mara nyingi imeambukizwa, nayo inatapakaza barua za kitapeli kwa jina la ofisi. Matokeo yake ni kwamba anwani ya ofisi huingizwa katika orodha za wasioaminika, na barua halali hukataliwa kote duniani. Mwenye kuwaza ukuta husahau upande huu kabisa, kwa kuwa katika fikra zake adui yuko nje tu. Vilevile husahau kwamba nyumba nyingi leo zina anwani za aina mbili, za toleo la 4 na za toleo la 6. Kanuni zilizoandikwa kwa aina moja huweza kuiacha ya pili wazi, kama mtu aliyekomea mlango wa mbele na kuuacha wa uani.

Wapo waliopendekeza “ngome”. Ni neno zuri, na kwa mtu wa pwani lina historia. Lakini historia hiyohiyo itutahadharishe. Ngome Yesu ya Mombasa ilikuwa na kuta ambazo hadi leo tunazistaajabia, na bado Waomani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu mwaka 1696. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani, kuta zikiwa zimesimama. Wacha ngome iwe jina la ulinzi wote kwa jumla: nywila, masahihisho ya programu, nakala za akiba, na uangalifu wa watu. Huyu wa mlangoni aitwe kwa kazi yake.

Na jina hili lina uaminifu mwingine: linaonyesha asichokiweza. Bawabu husoma bahasha, hafungui barua. Ujumbe wa kitapeli unaosema “ile hela tuma kwenye namba hii” ukija kwa barua pepe, utapita mlango 25 kihalali kabisa, kwa kuwa bahasha yake haina kasoro. Wala bawabu hawezi kuziba ufa uliomo ndani ya huduma yenyewe. Tarehe 2 Novemba 1988, programu ya kujinakili iliyoandikwa na Robert Morris ilienea katika intaneti changa ya Marekani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kasoro ya sendmail, programu ya kusafirisha barua. Makadirio ya wakati ule yalitaja kompyuta 6,000 hivi. Mwezi Machi 2021 dunia ilirudi palepale: seva za barua za Microsoft Exchange zilivamiwa kwa wingi kupitia kasoro zilizokuwa nyuma ya mlango 443, ambao wenye seva hizo walikuwa wameufungua wenyewe kwa ajili ya watumiaji wao. Mkuu wa ofisi anayeambiwa “tuna ukuta” hulala usingizi. Anayeambiwa “tuna bawabu” atauliza: amepewa kanuni gani, nani alizikagua mara ya mwisho, na huko ndani nani anaangalia?

Maswali hayo si anasa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ofisi zake zimekua pamoja na barua pepe. Ndani ya barua hizo mna habari za wagonjwa, za mishahara, za matokeo ya wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai kila anayekusanya habari za watu azilinde. Sheria imesema. Aliyebaki ni yule kijana wa zamu, ambaye nyumbani alikuzwa kwa Kisukuma, shule ya msingi akasoma kwa Kiswahili, sekondari akahamishiwa Kiingereza, na sasa anasoma mwongozo wa ulinzi katika lugha yake ya tatu, usiku, peke yake.

Hatuanzi sifuri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004, na Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika programu zake. Kazi hizo zilitupa msamiati wa faili, menyu na kuhifadhi. Lakini zilikuwa kazi za uso wa kompyuta, yale anayoyaona karani. Chumba cha seva kilibaki bila lugha, na ndiko maamuzi ya ulinzi yanakofanyika.

Nitaambiwa kwamba amri zenyewe ni za Kiingereza na zitabaki hivyo. Sibishani. Mganga wa zahanati huandika jina la dawa kama lilivyo, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Amri ibaki. Maelezo yawe yetu. Na atakayesema kwamba watu hawatapokea istilahi mpya, namkumbusha king'amuzi. Matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno hilo lilienea nchi nzima bila warsha wala posho. Lilipokewa kwa sababu mtu aliyejua kung'amua alijua papo hapo kifaa kinafanya nini. Hicho ndicho kipimo cha istilahi, wala hakuna kingine.

Kwa mwongozo wa yule fundi nilitunga beti mbili, ili vijana wazishike kichwani pale kitabu kinapokuwa mbali:

Bawabu simama wima, usisinzie langoni,
Kila hodi kuipima, kwa namba ya mlangoni,
Wa barua njoo hima, ishirini na tanoni,
Asotajwa atakoma, abakie uwanjani.

Aliyetumwa na bwana, akirudi humwachia,
Kwa jibu walopeana, hana haja kuzuia,
Ila barua hiyana, yenye hila na udhia,
Bawabu hataiona, msomaji angalia.

Ombi langu kwenu ni la kazi. BAKITA ina mamlaka ya kusanifisha, na vyuo vikuu vina wataalamu, lakini sikio la maneno liko kwa watunzi. Chukueni istilahi tano za chumba cha seva, mzijaribu kwa fundi halisi katika mji wenu, muone ni ipi anayoielewa bila kufafanuliwa. Mimi nimeleta tatu: bawabu, mlango na hodi. Mwenye bora kuliko hizi azilete, nami nitakuwa wa kwanza kumwitikia karibu.